"Kazi nilishamaliza": mama zetu wastaafu na bulangeti za vipande



Hapa tunazoea kuandika juu ya kazi: namna ya kutafuta staje, namna ya kuandika barua ya kuomba kazi, namna ya kuanzisha mradi na dola kidogo. Leo nataka niandike juu ya watu ambao kazi wameisha kuimaliza. Niko na licence ya agronomia, niko karibu kufikisha miaka 30, na mwaka uliopita nilifundishwa somo la nyuzi na mama sita wa Bukavu ambao hata mmoja wao hakusoma agronomia. Nitaeleza wanachofanya, namna wanakifanya, na kosa nililowafanyia.

Mama mukubwa wangu, yaani dada mukubwa wa mama, alifundisha shule ya msingi miaka 38. Alipoingia pansio alikuja kukaa kwetu. Miezi ya kwanza ilikuwa mubaya. Aliamuka saa kumi na moja na nusu asubuhi kama zamani, akanawa, akavaa, halafu akaketi ku kiti karibu na mulango. Hakuna mutoto wa kusahihishia, hakuna kengele. Tulidhani anapumzika. Kumbe alikuwa anangoja siku ipite. Mimi pia nilikuwa nyumbani, diploma ndani ya bahasha, na tulikuwa tunaangaliana hivi, mumoja amemaliza kazi na mwingine hajaanza.

Siku moja fundi wa nguo wa jirani alitaka kuchoma mufuko wa mabaki ya vitenge. Mama mukubwa akamuomba asichome. Akaupeleka nyumbani, akaumwanga chini, akaanza kupanga rangi kama vile alikuwa anapanga madaftari ya wanafunzi. Kisha wiki moja akamualika rafiki yake muuguzi mustaafu. Yule akaja na mwingine. Baada ya miezi miwili walikuwa sita: walimu wawili, muuguzi, mama aliyekuwa akipiga taipu ku ofisi, na mama wawili wa soko. Hawa wawili wa mwisho hawakuwahi kuwa na karatasi ya mushahara, kwa hiyo hawakuwahi kuandikiwa pansio. Wao walistaafu siku magoti ilikataa kupanda kilima na muzigo.

Bulangeti ya vipande ni kitu gani?

Ni bulangeti yenye tabaka tatu. Juu kuna vipande vingi vidogo vya kitambaa vilivyoshonwa pamoja hadi vinakuwa kitambaa kimoja kikubwa. Katikati kuna kitu cha kuleta joto. Mama zetu wanaweka bulangeti kuukuu au shuka zilizochakaa. Chini kuna kitambaa kizima. Halafu tabaka zote tatu zinakamatishwa pamoja, ama kwa kushona mistari juu yote, ama kwa kufunga mafundo ya uzi ku kila kona ya kipande. Bukavu iko ku mita karibu 1500 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa ziwa usiku hauna huruma. Bulangeti kama hiyo si pambo tu.

Musidhani ni kitu cha kutoka mbali. Kasai kwetu, Wakuba wanajulikana dunia nzima kwa vitambaa vya rafia. Wanaume wanafuma, wanawake wanapamba: wanaingiza uzi wa rafia chini ya nyuzi za kitambaa, wanaukata mufupi kwa kisu kidogo, hadi uso wa kitambaa unakuwa laini kama manyoya. Ndiyo maana Wafaransa na Wabelgiji walikiita veluri ya Kasai. Na rafia ni ngumu. Inapotwangwa ili ilainike, inaweza kutoboka. Inaelezwa kwamba viraka vya kuziba matundu yale ndivyo vilivyokuja kuwa mapambo yenyewe ku sketi zao ndefu za sherehe. Kama agronome naongeza jambo moja: mutende huu wa rafia ni wa familia yenye majani marefu kupita mimea yote duniani. Jani la Raphia regalis linaweza kufika mita 25. Sisi tunalifahamu kwa paa na kamba tu.

Inde, ku jimbo la Karnataka, kuna Wasidi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika. Wanawake wao wanashona bulangeti za nguo kuukuu wanazoziita kawandi. Wanaanzia ku ukingo, wanazunguka hadi wanafika katikati, na ku kona wanaweka pembetatu ndogo zinazoitwa phula, maana yake maua. Na Marekani, ku kijiji cha Gee's Bend, Alabama, wanawake weusi, wajukuu wa watumwa waliolima pamba, walishona bulangeti na suruali za kazi zilizochakaa ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 bulangeti zile zilionyeshwa ku jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa tembre zenye picha za kumi kati yake. Wengi wa washonaji walikuwa mabibi tayari. Nilimwonyesha mama mukubwa picha ku telefone. Aliangalia sana, akasema: "Huyu alikosa kitambaa ya bulu, akamalizia na ya kijivu. Naona." Hakuona sanaa ya jumba. Aliona mwenzake aliyepungukiwa.

Kubadilishana: hesabu yake

Sasa tufike ku kiini. Mutu mumoja anaweza kushona peke yake, lakini mama zetu wanabadilishana. Inafanana na likelemba, ila badala ya pesa wanazungusha vipande.

Kila mwezi kila mama anashona vipande sita vya namna moja: rangi zake, muchoro wake. Siku ya mukutano anabaki na kimoja, anagawa vitano. Kwa hiyo kila mumoja anarudi nyumbani na vipande sita tofauti, kimoja chake na vitano vya wenzake. Baada ya miezi sita kila mumoja ana vipande 36.

Kila kipande kinakatwa sentimita 32 kwa 32. Sentimita moja kila upande inaingia ndani ya mushono, inabaki 30. Bulangeti ya kitanda ina vipande 5 kwa upana na 7 kwa urefu, yaani sentimita 150 kwa 210. Hiyo ni vipande 35. Na kile cha 36? Hapa ndipo nilipenda akili yao. Kila mama anarudisha kipande chake cha 36, vinakuwa sita, vinapangwa 2 kwa 3, na inatoka bulangeti ya mutoto ya sentimita 60 kwa 90. Inapewa mutoto wa kwanza kuzaliwa ku jamaa ya yeyote kati yao. Hakuna anayejua mbele ni nani.

Kuna sheria, na ni kali:

1. Pamba tupu. Hakuna kitambaa cha plastiki.
2. Kitambaa kinafuliwa mbele ya kukatwa. Pamba inarudi nyuma ikiona maji, na rangi nyekundu na bulu ya giza zinaweza kutoka. Unafua peke yake hadi maji yawe safi.
3. Unakata kufuata uzi. Kitambaa kina nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo na nyingine zinazokatiza. Ukikata mushazari, kipande kinanyoka kama mupira, na pembe nne haziwi nne tena.
4. Mushono ni sentimita moja, kwa lati ya shule. Si kwa macho.
5. Anayekosa mwezi anatuma vipande vyake na mutu. Asipotuma, mumoja wao anakwenda kumuangalia nyumbani.

Juu ya sheria ya nne nilicheka. Sentimita moja, nusu sentimita, nani atajua? Mama mukubwa akaniita ku meza. "Agronome, hesabu. Kipande ikikuja na 31 pahali ya 32, na zote saba za mustari ziko vile, unakosa ngapi?" Sentimita saba. "Miguu ya nani itabaki inje?" Sikucheka tena.

Sheria ya tano niliielewa nyuma sana. Mwezi wa pili yule mama aliyekuwa akipiga taipu hakuja wala hakutuma. Muuguzi akaenda kwake, akamkuta na malaria siku ya tatu, peke yake, hana mutu wa kumpelekea maji. Angekuwa ni mutu wa kukaa tu nyumbani, nani angejua? Vipande sita vilivyokosekana ndivyo vilivyotoa habari.

Somo la nyuzi, na uongo wangu

Mimi ndiye nilikuwa mwalimu wao wa sheria ya kwanza. Niliwaonyesha majaribio ya moto, na ninyi pia muyashike, yanasaidia hata ukinunua shati ku soko.

Unachomoa nyuzi chache, unazikamata na kibano juu ya sahani, mbali na nguo, unaziwasha. Pamba ni nywele za mbegu za mupamba, na karibu yote ni selulozi, kitu kilekile cha karatasi. Kwa hiyo inawaka haraka, inanuka kama karatasi inayoungua, na inaacha majivu laini ya kijivu. Polyesta inatoka ku petroli. Yenyewe inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inaacha tone gumu ambalo huwezi kulisaga na vidole. Kama kitambaa ni muchanganyiko, unapata vyote viwili: majivu na vijiwe vidogo ndani yake.

Kwa nini inawahusu? Kwa sababu bulangeti inapigwa pasi kila mushono, na pasi ya makala haina namba ya kupunguza moto. Pamba inavumilia. Polyesta inalainika, inang'aa, inashikamana na chuma. Halafu mbili hizi hazirudi nyuma sawasawa ndani ya maji, basi baada ya kufua mara mbili tatu kipande kinakunja uso.

Mwezi wa tatu mama mukubwa alipungukiwa nyekundu ya katikati ya vipande vyake. Akanipa pesa niende Kadutu. Nilipata kitambaa kizuri, kinawaka kama pilipili, bei ya chini. Nilipofika akaniuliza: "Umepima na moto?" Nikajibu ndiyo. Sikupima. Nilikuwa nimechoka, mvua ilininyeshea, na nilijiambia jicho langu linatosha, si niko na diploma?

Alishona vipande sita. Akagawa vitano. Wiki iliyofuata mumoja wa mama wa soko akapiga pasi kwake, na nyekundu yote ikabaki ku pasi. Ilichafua hata vipande viwili vya wenzake vilivyokuwa chini.

Ku mukutano, mama mukubwa alisimama kama mwalimu anayejilaumu mbele ya inspekta. Akasema: "Ni mimi nilikosea. Sikuangalia muzuri." Mimi nilikuwa pale, naleta chai. Alijua. Nilimwona alivyojua. Mwanamuke aliyefundisha watoto miaka 38 anajua sura ya mutoto aliyesema uongo. Lakini hakunitaja.

Nikaweka sahani chini nikasema ni mimi, na kwamba aliniuliza nikamdanganya. Wakanyamaza. Kisha muuguzi akasema tu: "Sasa utatengeneza." Hakukuwa na hotuba.

Nikatengeneza. Vipande sita, nyumba sita, pamoja na ya kwetu. Kwa wembe nilifumua mushono mumoja mumoja. Ukivuta kwa hasira unapasua kitambaa. Nyekundu mupya niliitoa ku shati langu la kolasyo, lile la kitenge ambalo jamaa yote ilivaa siku ya diploma. Nililipima na moto mbele yao. Ilikuwa pamba. Vile viwili vilivyochafuka mwenyewe alinifundisha namna ya kuvishona upya, na nilivishona mara tatu kabla ya sentimita moja kuwa sentimita moja.

Ku zile nyumba nilikaa saa nyingi. Mumoja alinieleza namna chama chao cha soko kilivyozikana kwa zamu. Mwingine alinionyesha daftari ambamo anaandika kila kipande alichopokea, kimetoka kwa nani, siku gani. Nilisoma nyuzi miaka ile yote ya chuo, lakini sikuwahi kukaa na mutu wa umri ule bila kuwa na haraka.

Mradi wangu uliokataliwa

Muezi wa sita bulangeti ya kwanza ilimalizika. Ilikuwa nzuri kabisa. Basi kichwa changu cha licence kikaanza kufanya kazi. Niliandika mupango wa biashara wa kurasa nne: idadi kwa mwezi, bei, wateja wa mashirika na wageni, picha za kutangaza. Nikausoma mbele yao kwa sauti ya mutu anayetetea kazi ya mwisho ya masomo.

Mama mukubwa alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Mwana yangu, kazi nilishamaliza. Miaka makumi tatu na nane. Sasa unanirudisha ku kazi?"

Nilijibu kwamba pesa ni ya lazima, kwamba pansio ni kidogo. Na kweli ni kidogo, wote tunajua. Akasema: "Tukianza kuuzisha, mwenye kushona pole pole atakuwa shida. Leo si shida."

Nikamwangalia yule mama wa taipu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Yeye hakuweza tena kuona mustari wa sentimita. Kikundi kilikuwa kimekwisha kupanga bila kelele: yeye anachagua rangi, anakata kwa kufuata karatasi ngumu aliyotengenezewa, na mwalimu wa pili anashona. Vipande vinaitwa vyake. Ndani ya mupango wangu wa kurasa nne hakukuwa na mustari hata mumoja wa mutu kama huyu. Angekuwa gharama.

Lakini musidhani wote walisema kitu kimoja. Mama mumoja wa soko alisema wazi: "Mwalimu, weye uko na pansio hata kama ni kidogo. Mimi niko na mikono tu. Nikikosa unga, nitauzisha." Hakuna aliyemukatalia. Waliongea muda murefu, wakakubaliana hivi: kila mutu yuko huru kuuza bulangeti aliyoshona peke yake. Ile ya kubadilishana haiuzwi bila kuwauliza wenye vipande. Na wawili wenye kutaka kuuza nitawasaidia mimi, si kikundi kizima. Tumeisha kuuza mbili. Si utajiri, lakini ni unga na dawa, na hakuna aliyepoteza Jumamosi yake.

Nafikiri kosa langu la pili lilifanana na la kwanza. Ku kitambaa sikupima kwa sababu nilidhani najua. Ku mupango wa biashara pia sikuuliza, nilidhani kila kitu kizuri ambacho hakiuzwi kinapotea bure. Sisi tumefundishwa hivyo, na sina aibu ya elimu yangu. Lakini kuna mambo mutu anafanya kwa sababu anayapenda na kwa sababu wenzake wanamungoja, na hiyo inamutosha kuamuka asubuhi.

Kama munataka kujaribu nyumbani

Kama una mama, shangazi, koko au baba mustaafu (wanaume pia wanashona, mafundi wengi wa mutaa ni wanaume), usimuletee mupango. Mufanyie haya:

Muombee fundi wa karibu mabaki ya vitenge. Wengi wanayatupa. Fua, pima kwa moto, tenga rangi. Tafuta lati, makasi yenye makali, sindano na uzi wa pamba. Kata karatasi ngumu moja ya sentimita 32 iwe kipimo cha wote. Musaidie kupata watu, hata watatu tu. Hesabu inabadilika kwa urahisi, watatu wanashona vipande vitatu kila mumoja. Kama macho ni dhaifu, muweke karibu na dirisha asubuhi, na weye umutungie uzi ku sindano kumi mbele ya kwenda zako. Hilo ni jambo la dakika tano, lakini bila hilo mwenye macho mabaya hawezi kuanza.

Halafu ketieni naye siku moja, mushone kipande kimoja. Kitakuwa kibaya. Changu cha kwanza kilikuwa na pembe tano.

Ile bulangeti ya vipande vya 36 ilikwenda Panzi mwezi uliopita, kwa mujukuu wa muuguzi, mutoto wa kike. Katikati ya kimoja cha vipande vile kuna nyekundu ya shati langu. Mama mukubwa ameisha kuanza mzunguko wa pili, na sasa wako saba. Ameniambia nifanye hesabu mupya ya vipande, na safari hii nimemuonyesha karatasi kabla ya kusema kwamba iko sawa.